India Husajili Karatasi, Mwenye Ardhi Hutafutwa Mahakamani

Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya India ilitoa uamuzi mfupi ambao mwanafunzi wa sheria angefaa ausome kabla hajafungua ukurasa wa kwanza wa somo la ardhi. Jimbo la Tamil Nadu lilikuwa limejitungia kanuni, namba 55A(i), iliyomtaka anayekwenda kusajili hati ya mauzo aonyeshe kwanza hati asilia iliyompa muuzaji ardhi hiyo. Asipoionyesha, msajili aliruhusiwa kumrudisha nyumbani. Ukiisikia harakaharaka ni kanuni ya busara, kwani nani anataka ofisi ya serikali igonge mhuri kwenye kiwanja cha wizi? Lakini katika shauri la K. Gopi majaji waliifuta. Walisema Sheria ya Usajili ya mwaka 1908 haimpi msajili mamlaka ya kuuliza kama muuzaji ndiye mwenye mali. Hata asiye na haki yoyote juu ya kiwanja akileta hati ya kukiuza, akalipa ushuru wa stempu na ada, akakiri kuwa sahihi ni yake na akatimiza taratibu nyingine, msajili hana la kufanya zaidi ya kusajili.

Walioshtuka ni wengi. Mimi naona majaji hawakuwa na njia nyingine, maana ndivyo sheria ilivyoandikwa tangu mwanzo: India husajili hati, haisajili umiliki. Msajili wake ni kama karani wa posta anayegonga tarehe juu ya bahasha; kama barua iliyomo ndani inasema kweli au uongo, hayo si yake. Swali la ardhi hii ni ya nani limeachiwa mahakama ya madai. Kwa hiyo mahakama za India zinapolaumiwa kwa kesi za ardhi zinazorithiwa na wajukuu, sehemu kubwa ya lawama ingepelekwa kwenye dirisha la usajili, kwa sababu huko ndiko swali lilikokataliwa kujibiwa.

Sheria zenyewe ni mapacha. Sheria ya Mwenendo wa Madai ni ya 5 kwa mwaka 1908, Sheria ya Usajili ni ya 16 kwa mwaka huohuo, na zote mbili zilianza kutumika siku moja, tarehe 1 Januari 1909. Vyuoni huwekwa mbalimbali: moja hufundishwa na mwalimu wa kanuni za mahakama, nyingine huchomekwa mwishoni mwa somo la mali, wiki mbili kabla ya mtihani. Mwanafunzi akimaliza anajua Amri ya 39, yaani fungu la kanuni za zuio katika sheria ya kwanza, na anajua kifungu cha 17 cha ile ya pili, ila hajawahi kuona jinsi vinavyokutana juu ya kiwanja kimoja.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi naye ana hisa katika habari hii. Tanganyika ya Waingereza iliendesha mashauri ya madai kwa sheria hiyohiyo ya India mpaka Tanzania ilipotunga ya kwake mwaka 1966, na hata hiyo ya kwake ilifuata nyayo: Amri ya 21 ni ya kukazia hukumu huku na kule, na kanuni ya 11 ya Amri ya 7 ndiyo inayotupa nje hati ya madai isiyoonyesha sababu ya madai. Kenya iliitumia Sheria ya India ya Uhamishaji wa Mali ya mwaka 1882 hadi ilipofutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Ndiyo maana mawakili wetu bado wananukuu maamuzi ya Delhi na Kolkata bila kuona ajabu.

Tuanzie dirishani. Kifungu cha 17 kinataja hati ambazo lazima zisajiliwe: zawadi ya mali isiyohamishika, mauzo, rehani na nyingine zinazohamisha haki yenye thamani ya rupia 100 au zaidi, pamoja na upangishaji wa zaidi ya mwaka mmoja. Hizo rupia 100 ni za mwaka 1908 na hazijawahi kupandishwa. Leo hazikushibishi vizuri katika mgahawa wa kawaida wa Mumbai. Maana yake, kwa vitendo, kila mauzo ya ardhi yameingia wavuni. Wosia uko nje, kuusajili ni hiari, na hilo peke yake limezalisha kesi za kutosha kujaza maktaba.

Hati hupelekwa ofisi ya eneo ilipo ardhi, ndani ya miezi minne tangu isainiwe. Ukichelewa, kifungu cha 25 kinakuongezea miezi mingine minne kwa faini isiyozidi mara kumi ya ada ya usajili. Pale ofisini, muuzaji na mnunuzi wanabandika picha zao na alama za vidole, sharti lililoongezwa na kifungu cha 32A mwaka 2001 baada ya watu wengi kuuziwa ardhi na walaghai waliojifanya wenye mali. Msajili anamuuliza aliyesaini: hii umeisaini wewe? Akikiri, na msajili akiridhika kwamba ni yeye kweli, kazi inakwenda. Akikana, usajili unakataliwa kwake, na aliyeleta hati anaanza safari ya kwenda kwa msajili wa wilaya na, akishindwa huko, mahakamani kwa kifungu cha 77 ndani ya siku 30. Hati ikinakiliwa katika Kitabu cha 1, kinachohusu mali zisizohamishika, inarudishwa ikiwa na cheti chenye namba ya kitabu na ukurasa. Kitabu hicho kiko wazi kwa yeyote anayelipa ada ya upekuzi.

Angalia swali aliloulizwa muuzaji. Ameulizwa juu ya sahihi yake. Juu ya ardhi hakuulizwa lolote.

Kuna kifungu cha 47, ambacho wanafunzi hukiruka kwa sababu ni mstari mmoja. Kinasema hati ikishasajiliwa huanza kufanya kazi tangu siku ambayo ingeanza kama usajili usingehitajika, yaani siku iliyosainiwa, wala si siku iliyosajiliwa. Chukua mfano wa muuzaji anayemsainia mnunuzi wa kwanza hati tarehe 1 Machi. Mnunuzi huyo anakaa nayo kabatini akitafuta fedha za stempu. Tarehe 10 Machi muuzaji anamsainia mtu wa pili, ambaye alishapekua Kitabu cha 1, hakukuta kitu, akalipa na kusajili siku hiyohiyo. Juni, bado ndani ya miezi minne, wa kwanza anajitokeza na kusajili ya kwake. Ardhi ni ya wa kwanza. Wa pili alifanya kila ambacho mwananchi mwangalifu hushauriwa kufanya, na amebaki na kesi ya kudai fedha zake kwa muuzaji ambaye huenda ameshahama mji. Sheria inayojiita ya usajili imemwachia mtu pengo la miezi minne lisiloonekana popote.

Upande wa pili ni kifungu cha 49: hati iliyopaswa kusajiliwa na haikusajiliwa haigusi mali hiyo wala haipokewi mahakamani kama ushahidi wa muamala. Hapa watahini hupenda kutega, kwa sababu kifungu kina mlango wa nyuma. Hati hiyohiyo inaweza kupokewa katika shauri la kudai mkataba utekelezwe, au kuthibitisha jambo la pembeni, kwa mfano kwamba mtu aliingia kwenye ardhi kama mpangaji na si kama mvamizi. Mwanafunzi anayeandika "hati haikusajiliwa, kwa hiyo haina maana" amepoteza nusu ya alama.

Miaka mingi watu wa Delhi na vitongoji vyake waliikwepa ofisi ya usajili kabisa. Badala ya hati ya mauzo, mnunuzi alipewa mafungu matatu ya karatasi: mkataba wa kuuza, hati ya uwakala inayomruhusu kufanya lolote juu ya mali hiyo, na wosia wa muuzaji ukimtaja yeye kuwa mrithi. Fedha zilishalipwa na funguo zilishakabidhiwa, huku ushuru wa stempu haujalipwa na fedha chafu zimepata pa kulala. Pia ilikuwa njia ya kukwepa masharti ya viwanja vya serikali visivyoruhusiwa kuuzwa bila kibali. Oktoba 2011, katika shauri la Suraj Lamp dhidi ya Jimbo la Haryana, Mahakama ya Juu ilisema waziwazi kwamba mpango huo hauhamishi umiliki. Mkataba wa kuuza, kwa kifungu cha 54 cha Sheria ya Uhamishaji wa Mali ya 1882, hauzai haki yoyote katika ardhi. Wakala ni mjumbe wa aliyemtuma. Wosia hausemi kitu mpaka mwenyewe afe, na anaweza kuubadilisha asubuhi ya kifo chake. Uamuzi ulikuwa sahihi kisheria na ukaacha mitaa mizima ya watu waliokuwa wameishi kwenye nyumba "zao" kwa miongo.

Nimeweka alama za kunukuu hapo kwa makusudi, kwa sababu India ina karatasi nyingi zinazofanana na umiliki na hakuna hata moja inayoutoa. Tamil Nadu kuna patta, Bengaluru watu wanaulizana khata, Maharashtra mkulima ananyoosha dondoo la 7/12, Punjab na Haryana kuna jamabandi. Zote ni kumbukumbu za ofisi ya mapato, zilizozaliwa na hamu ya serikali kujua nani atalipa kodi ya ardhi. Mahakama ya Juu imerudia kusema, kwa mfano katika shauri la Sawarni la mwaka 1996, kwamba kubadilishwa jina katika vitabu vya mapato hakumpi mtu umiliki wala hakumnyang'anyi. Na bado benki huitaka karatasi hiyo, na afisa wa kijiji anayeiandika hutafutwa kwa unyenyekevu kuliko wakili. Novemba 2025 mahakama hiyohiyo ilifuta kanuni za Bihar zilizomtaka muuzaji aonyeshe kwanza kwamba jina lake limeshabadilishwa katika vitabu hivyo. Ilikuwa hadithi ya Tamil Nadu kwa nguo nyingine: jimbo limechoka na ulaghai, linajaribu kumfanya msajili hakimu wa bei nafuu, mahakama inakumbusha kwamba Bunge halikumpa kazi hiyo.

Halafu kuna ardhi ambayo haipiti dirishani hata kidogo. Urithi hauhitaji hati. Mtu akifa, haki zinahama zenyewe. Mwaka 2005 Sheria ya Mirathi ya Wahindu ilirekebishwa, binti akapewa hisa katika mali ya ukoo kwa kuzaliwa, sawa na kaka yake. Mwaka 2020, katika shauri la Vineeta Sharma, Mahakama ya Juu ikasema hisa hiyo ni yake hata kama baba alikufa kabla ya marekebisho kuanza. Jina la binti huyo halimo katika Kitabu cha 1. Mnunuzi anayenunua shamba kutoka kwa kaka watatu hawezi kulipata kwa upekuzi wowote, mpaka siku anapoletewa samansi.

Lakini tazama sheria hiyo ilivyoviunganisha vitu viwili ambavyo chuoni hutengwa. Mgawanyo wa mali uliofanyika kabla ya tarehe 20 Desemba 2004 hauguswi na haki mpya ya mabinti, ila maelezo ya kifungu cha 6(5) yanasema mgawanyo unaohesabika ni wa aina mbili tu: wa hati iliyosajiliwa kwa Sheria ya Usajili ya 1908, au wa tuzo ya mahakama, yaani amri rasmi inayobeba uamuzi wake. Bunge lilijua familia zingekumbuka ghafla kwamba waligawana kwa mdomo mwaka 1998 chini ya mwembe. Mahakama, katika Vineeta Sharma, iliacha tundu dogo kwa mgawanyo wa mdomo unaothibitishwa na nyaraka za umma zisizo na shaka, na mawakili wa akina kaka wamekuwa wakipita humo tangu hapo. Mtu akiniuliza ni wapi aanze kusoma ili aone usajili na mwenendo wa madai vikifanya kazi pamoja, nampeleka hapa.

Sasa mnunuzi wetu amefika mahakamani. Kwa kifungu cha 16 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, shauri la ardhi hufunguliwa mahali ardhi ilipo. Huwezi kumfuata mdaiwa anakoishi. Swali gumu ni aombe nini. Akiomba zuio peke yake, yaani amri ya kumkataza mwenzake asiiguse ardhi, wakati umiliki wenyewe una wingu, anapoteza miaka. Shauri la Anathula Sudhakar la mwaka 2008 liliweka mpaka: kama uko kwenye ardhi na haki yako haina utata, zuio linatosha; kama mwenzako anabisha umiliki kwa hoja zenye uzito, omba tamko la umiliki pamoja na zuio; kama umeshaondolewa, omba na kurudishiwa ardhi. Asiyeomba yote aliyostahili kwa sababu moja ya madai, kanuni ya 2 ya Amri ya 2 inamfungia mlango wa kurudi baadaye kuomba kilichobaki, na kifungu cha 11 kinamzuia kurudia kilichokwisha amuliwa. Na kama mwenye ardhi alizubaa, mvamizi aliyekaa humo miaka 12 kinyume cha matakwa ya mwenyewe anaweza, tangu uamuzi wa Ravinder Kaur Grewal wa 2019, kuitumia miaka hiyo kama mdai na si kama ngao tu.

Kwa hakika vita vyenyewe hupiganwa mwanzoni kabisa, kwenye ombi la zuio la muda chini ya Amri ya 39. Hakimu anapima mambo matatu: kama mdai ana kesi ya kusikilizwa, nani ataumia zaidi, na kama hasara inaweza kufidiwa kwa fedha. Zuio likitolewa upande mmoja ukiwa haupo, kanuni ya 3A inataka mahakama ijitahidi kumaliza ombi ndani ya siku 30. Anayelipata zuio ana nusu ya ushindi, kwa sababu kesi yenyewe itachukua muda ambao mpinzani mwenye mtaji uliokwama kwenye kiwanja hawezi kuusubiri. Wengi huja mezani hapo. Sioni ubaya wa watu kupatana, ila bei ya mapatano hupangwa na urefu wa foleni.

Foleni imejaribiwa kufupishwa. Marekebisho yaliyoanza Julai 2002 yalimpa mdaiwa siku 30 za kuleta majibu, zisizozidi 90 kwa ujumla, na uahirishaji usizidi mara tatu. Mwaka 2005, katika shauri la Kailash, Mahakama ya Juu ilisema zile siku 90 ni mwongozo. Kukiwa na sababu nzito hakimu anaweza kuziongeza. Sheria ya mahakama za biashara ya 2015 ilikaza kwa upande wake, siku 120 na basi, lakini kesi ya shamba la kurithi haiingii huko. Mahakama za wilaya zina zaidi ya mashauri milioni 40 yanayosubiri, ya madai yakiwa takriban robo yake. Kuwaambia mahakimu hao waahirishe mara tatu tu ni rahisi kuandika.

Kuna hatari nyingine ya kusubiri ambayo mwanafunzi asiisahau. Kifungu cha 52 cha sheria ya 1882 kinasema anayenunua mali iliyo katika shauri linaloendelea anafungwa na matokeo ya shauri hilo, awe alijua au hakujua. Katika sehemu kubwa ya India hakuna mahali kesi hiyo inapoandikwa kwenye vitabu vya usajili. Jimbo la zamani la Bombay lililiona hilo mapema. Marekebisho yake ya mwaka 1939, yanayoishi hadi leo Maharashtra na Gujarat, yanataka taarifa ya kesi isajiliwe ndipo imfunge mnunuzi. Yaani dawa ipo, ina zaidi ya miaka themanini, na haijasambazwa. Kati ya marekebisho yote yanayozungumzwa, hili ndilo ningelianza, maana halihitaji teknolojia yoyote wala kubadili falsafa ya usajili.

Kisha hukumu inatoka na mshindi anashikilia tuzo yake. Mwaka 1872 Baraza la Rufaa la Waingereza lilikwishasema kwamba taabu za mdai nchini India huanza siku anapopata tuzo, na majaji wa leo bado wanalinukuu neno hilo. Amri ya 21 ndiyo ndefu kuliko zote, ikiwa na kanuni zaidi ya mia moja. Dalali wa mahakama akifika kiwanjani anamkuta mtu asiyetajwa kwenye kesi, mpwa wa mdaiwa au mpangaji wa jana, akidai ana haki yake. Kanuni za 97 hadi 101 zinaitaka mahakama inayokazia hukumu iliamue dai hilo papohapo, bila kufungua shauri jipya, jambo jema kwenye karatasi; matokeo yake ni kesi ya pili iliyovaa nguo za utekelezaji. Shauri la Rahul Shah la 2021 liliagiza utekelezaji umalizike ndani ya miezi sita. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ilipokusanya takwimu kutoka Mahakama Kuu mbalimbali, yalikutwa maombi zaidi ya 880,000 ya kukazia hukumu yakisubiri.

Mahakama nayo imewahi kugeuzwa ofisi ya usajili, na hili halitajwi vya kutosha madarasani. Kifungu cha 17(2)(vi) cha Sheria ya Usajili kinasamehe tuzo za mahakama zisisajiliwe. Watu wakagundua njia: badala ya kuuza na kulipa ushuru, mmoja anamshtaki mwenzake kirafiki, anadai shamba ni lake, mdaiwa anakubali kila kitu, hakimu anatoa tuzo ya maridhiano kwa Amri ya 23, ardhi imehama bila stempu. Mwaka 1995, katika shauri la Bhoop Singh, Mahakama ya Juu iliweka kizuizi. Tuzo inayotambua haki iliyokuwapo haihitaji usajili. Inayozaa haki kwa mara ya kwanza, juu ya mali ya rupia 100 au zaidi, lazima isajiliwe. Kizuizi ni kizuri, ila kinamtaka msajili, yule tuliyeambiwa asichunguze, aangalie tuzo na kuamua kama haki ilikuwapo au imezaliwa leo.

Kwa nini basi India isihamie mfumo wa kusajili umiliki wenyewe, ule ulioanzishwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858, ambapo serikali inasema mwenye ardhi ni huyu na ikikosea inalipa? Rajasthan ilitunga sheria ya mwelekeo huo kwa ardhi za mijini mwaka 2016. Andhra Pradesh ilikwenda mbali zaidi na kuanza kuitumia ya kwake Oktoba 2023. Mawakili waligoma. Kilichowauma zaidi ni kwamba mahakama za madai zilifungiwa nje, migogoro ikapelekwa kwa maafisa wa kuandikisha umiliki na rufaa zake kwa maafisa wengine kabla ya Mahakama Kuu. Suala likawa la uchaguzi mwaka 2024, serikali ikabadilika, sheria ikafutwa mwaka huohuo.

Wapo waliowacheka mawakili wa Andhra kwamba wanalinda ugali wao. Ugali wao walikuwa wanaulinda, sawa, lakini hoja yao ilisimama. Kumpa afisa wa mapato neno la mwisho juu ya umiliki, katika nchi ambayo binti hayumo kwenye kitabu na kesi inayoendelea haimo kwenye kitabu, ni kuyapiga lakiri makosa yaliyomo kitabuni. Hata Kenya, ambako cheti cha umiliki kina uzito mkubwa kisheria, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 katika shauri la Dina Management kwamba cheti kilichotokana na ugawaji usio halali hakimlindi hata mnunuzi wa baadaye. Dhamana ya umiliki huanza na kusafisha chanzo, na kusafisha chanzo ni kazi ya kusikiliza mashahidi, kwa maneno mengine ni kesi.

Katiba nayo inaongeza ugumu. Ardhi na kumbukumbu zake ni mambo ya majimbo. Usajili wa hati na mwenendo wa madai viko kwenye orodha ya pamoja ya majimbo na serikali kuu. Hakuna mtu mmoja anayeshika kamba zote.

Mei 2025 serikali kuu ilitoa rasimu ya sheria mpya ya usajili ili wananchi waitolee maoni. Inaruhusu usajili wa mtandaoni na inapanua orodha ya hati za lazima iingize mikataba ya kuuza na baadhi ya hati za uwakala, yaani inafunga milango ambayo Suraj Lamp ilionyesha iko wazi. Hayo ni mazuri na yamechelewa. Kitakachosajiliwa kitaendelea kuwa hati. Mwanafunzi atakayeketi mtihani baada ya sheria hiyo kupita bado ataulizwa kuhusu mnunuzi aliyepekua kitabu, akakikuta kisafi, akalipa, akajenga ukuta, na asubuhi moja akapokea samansi kutoka kwa dada wa muuzaji. Na bado itambidi aanze na tarehe ya kusainiwa hati, aulize kama kulikuwa na shauri, ahesabu miaka, kisha aseme mteja wake aombe nini kwenye hati ya madai.